Bunduki ya Upepo Iliyochukua Jicho la Mama Mkwe

Makosa ni yangu, na siandiki ndio mniambie pole. Nimebeba hii kitu mpaka nimechoka. Jina langu halitawasaidia, kwa hivyo mniache nisiliseme.

Mimi ni fundi wa pikipiki huku Gatina, Kawangware. Mimi na mke wangu tulitoka Kitui, na tuna mtoto mmoja, Mutheu. Mama yake anaishi Silanga, kule Kibera karibu na bwawa. Ni mjane. Anauza makaa, na nyuma ya nyumba ana kipande cha shamba: sukuma wiki, mahindi kidogo, na kuku. Hao kuku ndio walianzisha haya yote.

Kulikuwa na mwewe. Anashuka, anabeba kifaranga, anaenda kukalia mlingoti wa stima ulio mwisho wa shamba, anakula akikuangalia. Mama mkwe aligonga debe kumfukuza, akatandaza neti kuukuu, wapi. Siku moja akaniambia akiangalia chini, vile sisi Wakamba tunaongea na wakwe, "Baba Mutheu, hawa kuku wataisha nikiona hivi."

Hakuniomba kitu. Ni mimi nilitaka kuonekana mwanaume.

Nikaanza kutafuta bunduki ya upepo. Nikikosa pikipiki ya kutengeneza niko kwa simu, naangalia video za watu wakipasua mikebe kutoka mbali. Nilitaka ya bei ya chini, lakini ifike kutoka mlango wa mama mkwe mpaka kwa ule mlingoti. Hapo si karibu, na si mbali sana.

Pale steji ya Kawangware 56 kuna jamaa aliniingiza nyuma ya duka la hardware akanionyesha mbili. Moja ilikuwa ya kujazwa upepo kwa pampu, kama tairi. Imetulia, hairuki ukifyatua. Nyingine ni ile unakunja mtutu ndio uweke chembe ya risasi. Hiyo ilikuwa ya bei rahisi, imetumika, na darubini yake imefungwa na waya.

"Hii ya kukunja inaruka kidogo ukifyatua, darubini inasonga," akasema. "Lakini nguvu iko. Itafika."

"Na kibali?"

"Bro, ni upepo tu. Hiyo ni toy."

Nilijua si toy. Nilijua huku Kenya hata ya upepo lazima uwe na kibali. Nikajiambia kwani nani ataona, nikaifunga kwa gunia nikaenda.

Mke wangu alipoiona alisema, "Rudisha hiyo kitu." Nikamwambia nikishaua huyo mwewe nitarudisha.

Nilijaribu na mkebe hapo Silanga. Karibu, nilikuwa napata. Nikirudi nyuma, chembe inaenda kushoto. Nikikaza darubini, inakubali mara moja, halafu inarudi pale pale. Fundi mzima, nikaona chombo kimeharibika na bado nikakitumia.

Mwewe alikuja asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa peke yangu mlangoni, ama nilifikiria niko peke yangu. Akatua kwa mlingoti. Nikalenga, nikafyatua. Nikasikia chembe imegonga chuma, ting, halafu mtu akalia "Wui" mara moja tu.

Kando ya mlingoti kuna ua wa mabati, na nguzo yake moja ni bomba la maji. Mama mkwe alikuwa ameinama hapo nyuma anachuma sukuma, na chembe iligonga hilo bomba ikamrukia. Sikuwa nimeangalia.

Nilimpata ameketi chini, mkono kwa jicho, damu inapita kwa vidole. Alikuwa ameona bunduki mikononi mwangu. Majirani walianza kutokea. Mmoja akauliza, "Mama, ni nini?"

Akajibu kabla nifungue mdomo. "Ni makaa. Nilikuwa navunja, kipande kikaruka."

Aliniokoa hapo hapo, na jicho likiwa bado linavuja. Na mimi nikakubali kuokolewa.

Tukaenda kliniki ndogo ya hapo mtaani. Mhudumu akamuuliza kimemwingia nini, akasema makaa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilikuwa naweza kusema. Jicho likaoshwa, likafungwa bandeji, tukapewa dawa ya matone, tukarudi.

Kila siku nilikuwa nasema kesho nitasema. Jicho likavimba, uso ukawa moto, usiku halali. Mke wangu akasema hii si ya makaa, tukampeleka hospitali kubwa. Wakampiga picha ya eksirei. Daktari akaishika kwenye mwanga, na hata mimi nisiyesoma hizo vitu nikaiona: doa jeupe la duara, ndani kabisa.

"Hii ni risasi," daktari akasema. "Mbona hamkusema? Mngekuja mara moja mkisema ni risasi, tungejaribu kuokoa hili jicho."

Mke wangu akanigeukia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na umekuwa ukimwekea matone kila siku."

Waliling'oa jicho. Nilitaka kujipeleka polisi, niseme yote, ya bunduki na ya kibali. Mama mkwe alikataa katakata. "Baba ya mjukuu wangu hatalala ndani kwa sababu yangu. Ukienda, mimi nitasema ni makaa." Hata adhabu nimenyimwa. Bunduki niliikatakata na msumeno. Na hiyo kazi ilisaidia nani?

Mke wangu sasa anaishi Silanga na mtoto wetu, anamsaidia mama yake. Hajasema ameniacha, na hajasema atarudi. Naogopa kumuuliza. Kila Jumapili naenda. Mama mkwe anageuza kichwa chote ndio anione, ananiambia, "Karibu, Baba Mutheu, keti." Ananimiminia chai yeye mwenyewe, anakataa kusaidiwa. Chai inamwagika kando ya kikombe, naipangusa. Sijui niseme nini ambacho kitatosha. Nimeomba msamaha mpaka ameniambia niache, namchosha.

Ndugu yangu, kama uko kwa simu unatafuta bunduki ya upepo ya bei nafuu, najua swali lako, kwa sababu lilikuwa langu: itafika umbali gani? Uliza ikikosa itaishia kwa nani. Na kama tayari imemfikia mtu, sema ukweli pale mlangoni kwa daktari, hata kama yule uliyemuumiza anakufichia.