Tofali la Hezron

Hezron wa Makandana alikuwa mpishi wa jeshi, na vita vya Kagera vilimfundisha jambo moja: sufuria ya ugali haimfuati askari porini. Gari lilipokwama matopeni vijana walilala njaa, naye amekalia gunia la unga bila maji wala kuni. Alirudi na uchungu huo, akaapa kutengeneza chakula cha kutia mfukoni.

Miaka kumi na miwili! Ndizi kavu, karanga na asali, vyote akavitwanga na kuvishindilia kwenye kibati cha mraba. Hebu wewe kaushe ndizi Tukuyu, na mvua ile isiyochoka! Akizianika nje, ukungu. Akizihamishia juu ya jiko, zinanuka moshi. Majirani wakakiita chakula hicho tofali, wakamtania Hezron. "Baba Lugano, nyumba inafika lini kwenye linta?" Na madukani, tangu serikali iruhusu biashara huria, biskuti za nje zimejaa tele, kila mtu anamwambia anajisumbua bure.

Hatimaye afande wa kambi moja akakubali kujaribu. Vijana ishirini wapande Mlima Rungwe siku mbili, kwa tofali na maji tu. Wakiridhika, kambi itaagiza. Hezron, na miaka yake hamsini, akapanda nao, akala walichokula.

Hakuna aliyeanguka. Walishuka wanaimba, wengine wanakimbizana! Hezron alifurahi hadi machozi yakamlenga.

"Haya, mmekulaje huko?" afande akauliza.

"Hatujala, afande!" wakajibu kwa pamoja. "Tulikuwa tunatafunatafuna tu."

Afande akafunga daftari. Hawezi kupeleka porini askari wasiokula, akasema. Hezron akafoka: hizo nguvu za kuimba mmezitoa wapi, nyie watoto? Wapi! Walishakimbilia jikoni na sahani zao.

Akafika nyumbani ametota, anawalaani vijana, anaulaani na mlima. Mkewe Tusekile akampokea mfuko. Ndani yamebaki matofali matatu.

"Pole, Baba Lugano. Umekula lakini?"

"Nimekula wapi!" akafoka. "Tangu juzi sijatia kitu tumboni!"

Tusekile akayatazama matofali mfukoni. Kisha akamtazama yeye. Hezron akasikia mwenyewe alichosema, aibu ikampanda hadi masikioni. Akavuta kigoda, akakaa.

"Basi songa ugali," akasema polepole.