Mraba wa Nyuma ya Mlango

Wote wanamwita Bi Subiri, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipachikwa na wapiga rangi na wajenzi waliochoka kumsikia akisema neno hilohilo kila wanapotaka kumaliza kazi na kwenda zao. Mbao zimeshushwa kwenye gari? Subiri, zilale kwanza chumbani siku kadhaa, zizoee hewa ya humo. Gundi imeshika? Subiri. Vanishi inang'aa? Subiri, na huo mguu wako urudishe nje. Mwenyewe wala hakuchukia. Aliliandika jina hilo kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa karakana yake, na wateja wapya huja wakiuliza kama ni duka au ni onyo.

Bi Subiri ni fundi wa sakafu za mbao, na baba yake alikuwa fundi wa sakafu za mbao, na kama kuna kazi iliyopandishwa na kushushwa na mitindo, basi ni hiyo. Enzi za nguvu za baba yake, hakuna ofisi wala ukumbi wenye kujiheshimu uliokosa vipande vidogo vya mninga au mvule, vimepangwa kwa mtindo wa mkeka na kubandikwa kwa lami ya moto. Kisha watu wakaona mbao ni ushamba. Wakataka mazulia, ukuta hadi ukuta, wakayagandisha juu ya mninga wa watu bila hata haya. Mazulia yaliponuka wakahamia kwenye vigae. Vigae vilipowachosha miguu ikaja plastiki iliyochapwa picha ya mbao, na hapo mzee akasusa kabisa. "Mtu mzima anakanyaga picha," alisema, akaitundika nyundo yake ya mpira ukutani. Bi Subiri akaishi kwa kuchonga milango na vigoda.

Sasa mbao zimerudi, tena kwa kishindo, ila zimerudi na masharti. Ziwe pana, ziwe ndefu, na zaidi ya yote ziwe nyeupe, kama zimetoka kuugua. Nyingi ni za tabaka, juu ngozi nyembamba ya mti halisi na chini plaiwudi. Bi Subiri huziweka, na huziweka vizuri, maana mteja ni mteja. Baba yake husikiliza habari hizo akiwa kwenye kiti chake cha sebuleni, akaguna. Ana miaka themanini na minne na hajapata kumsifia mtu. Binti yake humwita "wewe", na akifurahi sana humwita "mkaidi". Fundi, kwake, ni neno la watu wengine.

Basi Bi Subiri akaitwa kuweka hizo mbao nyeupe katika ukumbi wa chuo cha ualimu. Msimamizi wa ukarabati alikuwa bwana mmoja mwenye viatu visivyojua vumbi, ambaye kila sentensi yake iliishia na "fasta fasta", kwa hiyo mafundi wakamwita Bwana Fasta, na hata sisi tumwite hivyo. Maagizo yake yalikuwa mafupi. Plastiki ya zamani ing'olewe, mbao mpya ziwekwe, ukumbi ufunguliwe baada ya wiki mbili, fasta fasta.

Bi Subiri alijua kuwa ukumbi ule uliwahi kuwekwa sakafu na baba yake. Alijua pia, kama mzee mwenyewe alivyoambiwa na kulia kimyakimya, kwamba sakafu hiyo iling'olewa yote siku zulia lilipoingia. Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuweka mzee, na nyingine zote zilikwisha kuvunjwa pamoja na majengo yake. Kwa hiyo alipobandua pembe ya plastiki akakuta zulia, hakushangaa. Alipobandua zulia akakuta gundi kavu nyeusi, hakushangaa pia. Akaparuza kwa patasi, na harufu ya lami ikampanda puani kabla macho hayajaona kitu. Chini ya ule uchafu palikuwa na mninga.

Hakumwita mtu. Alitambaa kwa magoti hadi nyuma ya mlango. Likizo moja, akiwa na miaka kumi, baba yake alimpa kona hiyo aipange mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kona isiyotazamwa na mtu. Kanuni ni rahisi: vipande vitano vya wima hufanya mraba mmoja, na mraba unaofuata huwa wa mlalo, hivyohivyo hadi ukutani. Mtoto akapanga, akajisahau, akaweka wima kando ya wima. Alipogundua, lami ilikuwa imeshashika. Alilia njia nzima. "Nitaona la kufanya," baba yake alisema, basi. Shule ikafunguliwa, na kwa miaka arobaini na saba Bi Subiri aliamini kwamba baba yake alirudi akaligeuza kosa lake.

Akaparuza. Huo hapo, wima kando ya wima, umekaa vilevile alivyouacha. Bi Subiri alikaa chini akacheka peke yake, mpaka mdogo wake wa kiume, mpiga msasa wake tangu ujana, akaja mbio akidhani dada amepandwa na mzuka.

Bwana Fasta yeye hakuona cha kuchekesha. "Mama, hiyo ni takataka. Ng'oa."

"Hiyo ni mninga, bosi. Wenzako wanaitafuta kwa tochi."

"Mkuu wa chuo anataka nyeupe. Kila mtu sasa anataka nyeupe."

Mkuu wa chuo, mama mtaratibu wa miwani, alikuja akaitazama ile sakafu yenye madoa ya gundi, akakunja pua, na nani angemlaumu? Ilionekana kama sufuria iliyoungua. Bi Subiri akavua kofia yake ya kazi. "Mkuu, naomba siku kumi na mbili. Isipokupendeza, nitaing'oa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niweke hizo nyeupe, na hutanisikia nikilalamika." Mkuu akafikiri, akakubali. Bi Subiri alirudi kwenye kona yake. Alikuwa ameahidi kuivunja kwa mkono wake sakafu ya mwisho ya baba yake iliyobaki chini ya jua.

Karibu na madirisha, mvua ilikuwa imeozesha miraba thelathini na mmoja. Mninga wa kuziba pengo hilo alikuwa nao karakanani, mkavu, aliouweka akiba kwa miaka bila kujua anauwekea nini. Akakata vipande, akavitandaza ukumbini, akavifungia milango. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, vipande vimelala tu. Bwana Fasta alikuwa akipita akichungulia.

"Mama, hizo mbao zimelala au zimekufa?"

"Zimelala, bosi. Punguza sauti, zikiamka vibaya utazijua."

Yeye alikuwa na dawa yake. Kwa hasira ya kucheleweshwa, alileta watu wengine waweke mbao nyeupe kwenye ujia wa ofisi, zikitoka garini moja kwa moja, zimebanwa ukuta hadi ukuta bila nafasi ya kupumua. Zilikwisha kwa siku moja, akawaita watu waje waone kazi ya kisasa. Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mbao zikavuta unyevu, zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikainuka katikati ya ujia kama mgongo wa ng'ombe. Milango ya pale hufungukia ujiani, ikagoma kufunguka, na Bwana Fasta alikuwa ndani ya ofisi yake. Alitokea dirishani, kiatu kimoja mkononi, huku mdogo wake Bi Subiri akimshikia ngazi kwa heshima zote na kumwambia, "Taratibu, bosi, usifanye fasta."

Ukumbini, siku ya sita, vipande vikawekwa. Siku ya saba mashine ya msasa ikaanza kuunguruma, na hapo ndipo kazi ilipopendeza kuliko maneno yangu yanavyoweza kusema. Ule weusi ukatoka, ukaja ukahawia wa dhahabu, mistari ya mti ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, ukumbi mzima ukaanza kuwaka. Bi Subiri alipaka vanishi mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na kila mkono akausubiri ukauke kama mtu mwenye siku zote duniani. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Aliimba, na anaimba vibaya.

Siku ya kumi na mbili alimleta baba yake, akimwambia tu kuwa wanakwenda kuangalia kazi. Mzee alisimama mlangoni. Kisha akainama kwa shida, akavua viatu, akaingia miguu mitupu hadi katikati ya ukumbi, bila fimbo yake. Walimwona akitikisika mabega, wakamwacha.

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kumbe tulikuwa tumelala juu ya hii? Hizo nyeupe rudisheni dukani."

Bi Subiri alitaka kuruka. Lakini Bwana Fasta, ambaye tangu mkasa wa dirisha alikuwa akitafuta pa kujishikilia, alikuwa ameinama akizunguka ukumbi mraba kwa mraba, mpaka akafika nyuma ya mlango. "Hapa!" alisema. "Mkuu, njoo uone. Mraba huu umekosewa. Mimi kazi yenye kasoro siisaini."

Mkuu akaja, akaona. "Ni kweli. Fundi, imekuwaje?"

Bi Subiri akahisi uso unawaka kama wa mtoto. Kuugeuza mraba ule kungemchukua nusu saa. Wakati wa kazi mdogo wake alimkumbusha mara mbili, na mara mbili alijibu "subiri", bila kujua anasubiri nini. "Nimekosea mimi," alisema. "Ila si juzi. Nilikuwa na miaka kumi."

Mzee akaja taratibu. Akaugusa mraba kwa kidole gumba cha mguu, akausugua kidogo.

"Msimamizi wa wakati ule naye aliuona," alisema. "Akaniambia niugeuze. Nikamwambia siwezi, kazi ya mwenzangu siigusi. Fundi aliyeuweka yuko shuleni, akirudi ataugeuza mwenyewe. Akaja tena wiki ya pili, nikamjibu hivyohivyo. Alichoka yeye, akasaini."

Akamgeukia binti yake. "Haya, umerudi. Unaugeuza au unauacha?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Subiri na wala hakuyafuta. "Nauacha, Baba."

Mzee akamtazama Bwana Fasta.

"Umemsikia fundi," alisema. "Saini."