Siku Mama Mkwe Aliposimulia Tulikotoka

Niliolewa kisiwani Mfangano kutoka Migori, nikiwa mwalimu, miaka michache baada ya uhuru. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba ya ufukweni, na kila familia ilikuwa ikitafuta pa kulima juu mlimani. Wakati huohuo katekista mmoja mstaafu alianzisha chama cha kuhifadhi historia ya kisiwa. Watoto walikuwa wakisema Kijaluo tu. Kisuba, lugha ya kisiwa, kilibaki kwa wazee, na wazee tulikuwa tunawazika.

Tulikutana darasani kwangu Jumapili alasiri, kwa kuwa Wasabato walikuwa wengi na Jumamosi haikuguswa. Mama mkwe wangu alipokubali kuja kusimulia, nilifurahi sana.

Alisimulia kwa Kisuba, katekista akitufasiria. Alisema baba mkwe wake aliikimbia njaa kule Kisegi na kufika kisiwani na mkewe na mbuzi mmoja. Mwenye ardhi aliwakuta ufukweni wakitetemeka kwa baridi. Akawapa moto, na baadaye akawapa shamba.

"Tulipokelewa," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana tunaiheshimu nyumba ile."

Watu wakapiga makofi. Ndipo mwanamume mmoja akasimama nyuma, mjukuu wa yule mwenye ardhi.

"Kumbe ninyi ni jodak," alisema. "Wageni waliokaribishwa tu. Mmesikia nyote, amekiri kwa kinywa chake."

Hakuna aliyecheka. Fununu za wapimaji wa ardhi, watakaoandikisha kila shamba kwa jina la mwenyewe, zilikuwa zimeshatufikia.

Nyumbani shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikataa chakula. "Mama, umetuuza mbele ya watu."

"Nimeshukuru," alijibu mama mkwe. "Tangu lini kushukuru kukawa kuuza?"

"Tangu shamba lilipopungua."

Kabla mvua hazijaanza, watu wa nyumba ile walipanda mkonge wa mpaka katikati ya shamba letu la juu. Chifu aliita baraza, wazee wakasema hadi jua likachwa, na kila aliyesimama alirudia maneno ya mama mkwe, ila yale ya shukrani hakuna aliyeyataja. Tuliachiwa sehemu ya chini, yenye mawe. Haikututosha sote. Shemeji akachukua mke na watoto akahamia Lambwe, walikokuwa wakigawiwa ardhi watu wasioogopa mbung'o. Mama mkwe alimsindikiza hadi kwenye mtumbwi. Shemeji alimpa mkono bila kumtazama usoni.

Siku ya wazazi ilipokaribia, katekista alitaka hadithi ile isimuliwe shuleni. Nilimsihi aiache.

"Tukiiacha hii, mwalimu, tutakuwa tunahifadhi nini?" aliniuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

Basi tukaenda kumuuliza mwenyewe. Mama mkwe alikuwa akipepeta mtama, wala hakuacha.

"Isimulieni," alisema. "Lakini mkifika kwenye moto, msiuruke. Mimi siji."

Siku hiyo nusu ya madawati ilikuwa tupu. Mume wangu alikaa karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Katekista aliusimulia ule moto taratibu, kwa Kisuba kwanza, kisha kwa Kijaluo. Nilipogeuka kumtazama mume wangu, alikuwa ameshatoka.