Simu ya Mukantabana Ilivyonyamaza

Mukantabana alikuwa mpishi wa chuo cha ufundi huko Kituntu. Alitoka Burundi akiwa msichana, akaolewa Isingiro, mume akafariki kabla hawajapata mtoto. Wa damu yake alibaki mmoja tu, mdogo wake Gloriose, aliyeishi bado kwao Burundi. Kila Jumapili baada ya ibada, Mukantabana alikaa nyuma ya jiko, mtandao wa chuo unapofika, wakaongea huku wanaonana kwenye simu, kwa kuwa kupiga simu ya kawaida hadi Burundi kulimshinda bei.

Muhula huo mkuu wa chuo alichoka. Wanafunzi walicheza kamari na kutazama video mpaka darasa la kompyuta likakosa mtandao. Akamwita fundi wake, Pastory.

"Funga kila kitu. Yabaki masomo."

Pastory akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akazuia kamari, video, na programu zote za kupiga soga na simu za mtandaoni. Wanafunzi walitangaziwa. Jikoni hakuna aliyekumbuka kusema neno.

Jumapili iliyofuata simu ya Mukantabana haikuunganika. Akaizima, akaiwasha, wapi. Mara ya mwisho walikuwa wamebishana kuhusu kiwanja cha baba yao, basi akaanza kuwaza kwamba mdogo wake amemsusa. Aliona aibu kuuliza mtu. Wiki zikapita.

Siku moja Pastory aliingia jikoni kutafuta chai, akamkuta ameishika simu, ameikodolea macho.

"Shikamoo mama. Simu ina nini?"

"Marahaba. Imekufa, mwanangu. Au mdogo wangu hanitaki tena."

Pastory akaitazama, uso ukambadilika. "Haijafa, mama. Ni mimi niliyefunga mtandao. Ngoja."

Akakimbia ofisini, akairuhusu simu ile peke yake. Aliporudi jikoni, ujumbe ulikuwa unamiminika. Gloriose anauliza mbona kimya. Gloriose anaumwa, hali chakula. Gloriose anaomba asikie sauti ya dada yake tu. Wa mwisho uliandikwa na jirani wa Gloriose: tumeshamzika.

Mukantabana akakaa juu ya gunia la maharage.

"Amekufa akijua nimemnunia," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Hukujua." Hakumtazama.

Alikwenda Isingiro kuomboleza na shemeji zake, watu ambao hawakuwahi kumwona Gloriose. Kisha akarudi kazini. Pastory akimwamkia, huitikia. Zaidi ya hapo hawana mazungumzo.