Sigara Isiyovutwa ya Patroba Lusweti

Saa nne asubuhi, jua la Kakamega limeanza kazi kabla ya watu. Patroba Lusweti anachomeka panga ardhini, anatoka kwenye miwa hadi kando ya njia ya trekta, anawasha sigara na kuiweka juu ya jiwe. Kisha anakaa karibu nayo, mikono magotini, akiitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Haivuti. Ameiwasha ili apumzike.

"Hapa mapumziko ni sigara," anaeleza kijana huyu wa miaka ishirini na mitatu. "Nyapara akiona moshi, anajua uko na ruhusa. Ukikaa bila moshi, wewe ni mvivu."

Alianza kuvuta wiki yake ya kwanza kazini, mwaka 1992. Hakuwa na hamu ya tumbaku; ni mgongo uliokuwa ukimuuma. Miaka minne baadaye alikuwa amefikisha sigara kumi na tano kwa siku, na kikohozi ambacho wenzake wanaapa kiliwahi kuwahamisha nyani wa msitu wa Isecheno wakaenda kulala mbali kule Mautuma.

Ndipo Dinah, binti ambaye Patroba anataka kumuoa, akampa sharti: miezi mitatu bila sigara, la sivyo wazee wa Patroba wasikanyage kwao kuzungumza mahari.

Nyanyake, Kukhu Navalayo, ambaye mwenyewe huvuta sigara upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo, alimwonea huruma akampa ugoro.

"Hii haina moshi, mjukuu wangu," alimwambia. "Inaoshanga kichwa tu."

Siku ile Patroba alipiga chafya kumi na tisa. Ya ishirini ikamvua nyapara kofia. Wiki saba sasa ananusa. Muuguzi wa zahanati naye akamwambia tumbaku ni ile ile, imebadilisha mlango tu.

"Sasa nimeacha ama sijaacha?" Patroba anauliza. "Kila mtu ananiambia lake."

Jumanne iliyopita Dinah alimletea chakula shambani bila kumwarifu. Akakuta jiwe linafuka.

"Patroba, hiyo ni nini?"

"Ni ya nyapara."

"Nyapara anavutia kwa jiwe lako?"

"Haki, Dinah, ni ya kupumzika. Mimi siivutangi."

"Nani aliiwasha?"

Sigara haishiki moto mpaka uivute mara moja, naye Patroba huwasha nne kwa siku.

Dinah akamkazia macho puani, penye vumbi la kahawia. "Na hiyo?"

"Dawa ya Kukhu."

"Kumbe hujaacha. Umehamisha."

Akageuka na bakuli lake la ugali.

"Alienda na obusuma yangu," anasema Patroba. "Sikujua nilie juu ya gani kwanza."

Anapomaliza kusimulia, anaizima sigara kwa kandambili, anamwaga ugoro kwenye nyasi na kukaa tena, mikono mitupu. Haichukui muda, Osundwa, nyapara wao, anatokea.

"Lusweti! Moshi uko wapi?"

"Hakuna, mzee. Nimechoka tu."

Osundwa anaitazama saa yake, kisha anawageukia wakataji wengine.

"Ninyi, sigara moja ni dakika ngapi?"

"Tano," anajibu mmoja.

"Kumi," anasema mwingine. "Inategemea kama ni yako ama ya kuomba."

Wanacheka mpaka mapanga yanasimama. Osundwa anajikuna kisogo.

"Basi kaa," anasema. "Lakini nitakuwa nakuangalia."

Patroba anakaa. Vidole havijui vishike nini. Jumapili atakwenda kwa kina Dinah, na zile wiki saba hatazitaja.

"Nitamwambia leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza," anasema. "Akikubali, tutahesabu pamoja. Akikataa, bado nitahesabu. Sijui tu kesho mgongo utasema nini."