Mshale wa Saba wa Sebastiani

Mwezi uliopita nilikwenda Lubaga kupatana bei ya mlango wa mtumba, mvua ikanikimbiza hadi kwenye kigango kidogo cha chini ya kilima, kile nilichobatiziwa. Mtakatifu Sebastiani wa mbao alikuwa palepale, ukuta wa kushoto, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, amefungwa kwenye gogo lake. Nikahesabu mishale: saba. Nikarudia, maana hesabu yangu ya kwanza huwa ya kujaribia tu. Saba.

Wewe uliyekulia kwingine huenda hujapata kumwona mtakatifu wa namna ile. Mapadri wa zamani walimleta kutoka Ulaya ndani ya sanduku, na aliyemchonga hakuwa mtu wa kubania. Kitambaa cha kiunoni kilipeperuka kwa dhahabu ingawa mle ndani hamkuwa na upepo. Mashavu mekundu, macho ya kioo yameinuliwa juu, kiuno kimepinda kama mcheza dansi, damu ya rangi ikichuruzika kutoka kila tundu. Nilipokuwa msichana mdogo niliona kwamba, kwa mateso yale, alikuwa ametulia kupita kiasi.

Ufunguo wa kigango ulikuwa kwa nyanya yangu, mama yake baba. Alikuja Kampala kutoka Kenya kuuza vitambaa, na ukimwuliza atarudi lini alijibu kwamba anamalizia robota moja. Alipewa ufunguo ule baada ya miaka ya kufagia bila kuombwa, akauvaa shingoni pamoja na rozari. Hakuwa na cheo kingine duniani, wala hakukitafuta.

Kila Januari, siku moja kabla ya sikukuu ya Sebastiani, kina mama walimteremsha na kumpangusa vumbi kwa unyoya wa kuku. Kisha waling'oa mishale yote. Ilikuwa imechomekwa tu kwenye matundu, na kila mmoja ulitoka na mlio mdogo, kama kizibo cha chupa. "Leo apumzike," nyanya alisema. "Hata mfungwa hupewa siku yake." Kina mama saba walichukua kila mmoja mshale wake kwenda kuusugua kwa samli nyumbani, na kengele ya jioni ilipolia wakarudi nao. Nilikuwa naipenda sana siku ile: harufu ya samli uani, mvuke wa matooke chini ya majani ya ndizi, na sisi watoto tukipokezana dirishani kumchungulia akiwa hana mshale mwilini. Tungeapa kwamba mabega yake yalikuwa yameshuka.

Mwaka mmoja kengele ililia, mishale ikarudi sita. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Wa saba, ule wa paja la kushoto, ulikuwa kwa jirani yetu wa chumba cha pili, mke wa polisi, mtu wa kaskazini. Mumewe alikuwa amepelekwa vitani hukohuko kaskazini, na tangu Oktoba hakukuwa na barua wala salamu.

Nilitumwa mimi kuuchukua, kwa sababu hata wauza mihogo wa Mengo walijua kwamba sinunui bila nyongeza. Nilimkuta akisaga ufuta juu ya jiwe. Mshale ulilala kitandani, umefunikwa kwa shati la mume.

"Mama, kengele imelia."

"Nimesikia. Huyu mtakatifu ilikuwa askari, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi hapana rudisha. Nikichoma yeye, na bwana yangu huko anachomwa. Siku anafika, ninaleta."

Nikampa ofa ya mayai sita. Nikaongeza redio yetu kwa wiki nzima. Nikaongeza kumchotea maji hadi Pasaka. Akacheka kidogo, akaendelea kusaga.

Kigangoni, katekista aliliona tundu. "Wa saba uko wapi, mama?"

"Una kazi," nyanya akajibu.

Muuza samaki wakavu mmoja, aliyeutamani ufunguo ule bila kuficha, akapiga makofi. "Banange, jamani! Siku hizi mishale inaajiriwa? Niliwaambia, ufunguo wa kanisa haupewi mtu aliyeshuka kwenye basi!"

Katekista akatoa muda: mshale usipoonekana hadi Jumatano ya Majivu, ufunguo uende kwa mwingine.

Kila jioni nilirudi kwa jirani na ofa mpya, mpaka nyanya akanikataza. "Usimbane. Yule hauzi." Neno moja tu lingemwokoa, jina la yule mama, na hakulitamka, wala hakuwaruhusu wale sita wengine walitamke. Jumatano ilipofika, majivu yakiwa pajini mwa uso, aliuvua ufunguo shingoni na kumkabidhi muuza samaki. Njiani kurudi alijigusa kifua mara mbili, mahali ulipokuwa ukining'inia.

Pasaka ilikuwa imepita polisi yule alipoingia uani siku moja adhuhuri, amekonda, na debe la asali begani. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Jumapili hiyo mkewe aliingia kigangoni na mshale uliong'aa kwa miezi mitatu ya samli, akasimama mbele ya watu wote. "Ilikuwa kwangu. Huyu mama alijua, akanyamaza."

Muuza samaki akauvua ufunguo, akamnyooshea nyanya. "Shika, nyabo. Hata hivyo unanifanya ninuke ubani, wateja wanalalamika."

Mke wa polisi akapiga magoti, akalipapasa tundu, akausukuma mshale polepole, kama anayemchoma mtoto sindano.

"Pole, afande," akamwambia.

Desturi ile iliondoka na kina mama wale. Baadaye walikuja wataalamu wenye glavu, wakasema kazi hii ni ya kale, ya mtindo wa baroko, isiguswe, wakaigandisha mishale kwa gundi. Sina ugomvi nao. Samli na vidole vyetu vingeshaimaliza ile rangi. Uani kwetu pana fleti sasa. Wataalamu hao wameweka na kibao chini ya miguu yake, kimeeleza mbao, rangi na dhahabu. Hakisemi kwamba mwaka mmoja paja la kushoto lilipumzika kuanzia Januari hadi Pasaka ikapita, wala ni nani aliyeyagharimia mapumziko hayo.