Safu Mbili za Kereng'ende

Juzi muuguzi alinipaka spiriti mkononi, na harufu ile ikanirudisha Kebirigo.

Tulikwenda huko kwa gari moshi kutoka Mombasa, kisha kwa basi, mama akinishika mkono njia nzima. Aliniacha kwa kaka yake, mwalimu, akarudi kazini.

Mjomba alikuwa akichovya kereng'ende kwenye spiriti, kisha akiwabana kwa pini juu ya kadibodi, safu mbili. "Huyu mnene akitua huacha mabawa wazi," alinifundisha. "Huyu mwembamba huyakunja mgongoni. Ni jamaa, lakini kila mmoja ana kundi lake."

Siku moja mkewe alikuwa akimenya ndizi. "Huyu mtoto wa dada yako, baba yake hajulikani. Atatahiriwa kwa mlango wa nani, kwa ukoo upi? Kesho aje agawane shamba na wanangu?"

"Punguza sauti, anasikia."

"Asikie! Kwani nimedanganya?"

Nilikimbia mtoni, nikakamata mwembamba, nikamkunjua mabawa kwa nguvu na kumpachika katika safu ya wanene. Jioni mjomba alimwona mara moja.

"Nani ameweka huyu hapa?"

"Mimi, mjomba. Tazama, amefungua mabawa."

"Umeyavunja tu. Huyu si wa hapa." Akamng'oa.

Msimu wa tohara ulipokaribia, mama aliitwa aje anichukue. Mjomba alibeba sanduku langu hadi kituoni. "Utakuja likizo," akasema, likizo ambayo haikufika. Basi lilipoondoka nilikaa dirishani nimekunja mikono kifuani, wala sikumpungia.